Korongo Hawajui Kuhesabu

Namji, 18 Novemba 2012

Mama Gi-tae,

Huku nyumbani ni salama. Sakafu inapashwa moto kwa chini na inapata joto vizuri, na mbwa wa jirani Pal-bong bado analala mlangoni kwetu kana kwamba kwao hakuna mlango.

Korongo wamefika. Niliwaona jana mchana kwenye fungu la mchanga chini ya daraja la zamani, familia tatu, kila moja na mtoto wake wa rangi ya kahawia. Nilikwenda kwa baiskeli peke yangu na ikawa kama nilivyotarajia. Nikipita, wananiacha nipite. Nikishuka tu, shingo zote juu. Nikiingia kwenye matete, wanaruka. Wameona mtu amefika na hawajaona mtu akiondoka, kwa hiyo wanajua yupo.

Tulipokuwa wawili ilikuwa rahisi. Mimi nabaki kwenye matete, wewe unaendelea na njia ukipiga kengele na kuongea peke yako mpaka kwenye kibanda cha mama muuza tambi, na wao wanaona watu wameshakwenda zao. Mtu mmoja wanamjua, wawili wanawachanganya. Korongo hawajui kuhesabu. Kumbe miaka yote hiyo mdomo wako ulikuwa kifaa cha kazi.

Gi-tae alipiga simu juzi. Unajua mimi na simu. Yeye anapiga kelele huko, mimi napiga kelele huku, mwishowe namuuliza Pal-bong mwanangu amesema nini. Wewe niandikie tu. Masikio yangu yalibaki kule kiwanda cha meli lakini macho ninayo.

Mjukuu wetu Da-on amepona kifua?

Baba Gi-tae


Seoul, 29 Novemba 2012

Baba Gi-tae,

Barua yako niliisoma lifti ikipanda, maana huko ndiko pekee ninakopata nafasi ya kusimama bila kuvutwa sketi. Tuko ghorofa ya kumi na nne. Dirishani naona madirisha ya wenzetu. Ndege ni njiwa wa kwenye mapipa ya taka, na kunguru-mabaka mmoja ambaye Da-on anamwita babu, sijui kwa sababu gani, labda mwendo.

Kifua kimepona, sasa ni sikio. Mtoto wa miaka mitatu hana breki. Gi-tae na mkewe wanatoka kabla hakujapambazuka na wanarudi tumeshakula, nyuso zao zimekwisha, hata siwezi kuwalaumu. Wananiambia, "Mama, pumzika sasa," kisha wanalala wao. Mkwe wetu Yeon-hui ni mjamzito tena. Alinitazama tu alipokuwa ananiambia, na mimi nikasema hongera, na nilimaanisha, lakini magoti yangu yalielewa habari ile kabla yangu.

Gi-tae ana wazo lake. Anasema nyumba ya Namji ni kubwa mno kwa mtu mmoja, tuiuze, uje huku tukae wote. Nilimwambia akuulize wewe. Wewe unasemaje?

Kabichi za kimchi ulizichachusha na nani mwaka huu? Usiniambie umekubali ya mke wa Pal-bong. Yule mama anatia chumvi kama anayehifadhi maiti.

Mimi sijambo, usijali. Tutashuka Namji kwa Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi, ule wa Februari. Nitaandaa meza ya matambiko ya wahenga kama kawaida, na mengine tutaongea tukionana.

Mama Gi-tae


Namji, 3 Januari 2013

Mama Gi-tae,

Samahani kwa kuchelewa kuandika. Kazi ndogondogo zilikuwa nyingi. Kimchi nimekula, ina chumvi.

Mtoni kumechangamka. Maji ya pembeni yameganda na bata mwitu wote wamesogea katikati. Juzi bata bukini walikuja kutoka upande wa mabwawa. Walisikika kabla ya kuonekana, nyuma ya miti ya mipopla, wakibishana kama wanawake kwenye kazi ya kimchi. Wakageuka juu ya daraja wakashuka wote kwa pamoja. Korongo sasa ni familia tano. Tai mwenye mkia mweupe amekaa siku kadhaa juu ya barafu akila samaki bila haraka.

Kuhusu Mwaka Mpya, nimefikiri. Msije. Barabara itafungana, theluji imetabiriwa, na Da-on anatapika garini. Siku hizi familia nyingi zinaacha safari hiyo. Meza ya wahenga nitaiandaa mwenyewe. Samaki, tambi, matunda, si jambo la kumshinda mtu.

Nyumba haiuzwi. Mwambie Gi-tae.

Baba Gi-tae


Seoul, 12 Januari 2013

Baba Gi-tae,

Sawa.

Kama unaweza kumwandalia marehemu mama yako meza ya wahenga bila mimi, wewe ambaye ulikuwa unauliza peasi huwekwa upande gani wa meza hali umesimama mbele ya peasi lenyewe, basi mambo yako yamenyooka na mimi sina la kuongeza. Gi-tae nilimpa barua yako akaisoma. Alifurahi kidogo, nilimwona, maana kukaa foleni saa nyingi na mtoto anayetapika nani anataka. Akasema, "Baba anajiweza bwana, hana shida kabisa." Nikasema ndiyo, baba yako hana shida.

Juzi nilisinzia kwenye lifti nimesimama. Da-on alinivuta mkono mlango ulipofunguka, akamwambia jirani, "Bibi amezimika." Jirani akacheka. Mimi pia nilicheka. Kisha nikaingia ndani nikakaa juu ya beseni la nguo nikalia mpaka maji ya wali yakamwagikia jiko. Nakuambia hivyo kwa sababu sina mwingine wa kumwambia, wala si kwamba nataka ufanye chochote. Nilikuwa nauhesabia Mwaka Mpya. Basi.

Nilitaka kuishia hapo, ila nimeisoma barua yako tena wakati Da-on anakula.

Bata bukini walisikika kabla ya kuonekana. Walisikika na nani? Tangu uache kazi ya kugonga vyuma wewe hujasikia hata kengele ya baiskeli yangu. Wakija bata bukini mimi ndiye niliyekuwa nakugusa mgongo, ndipo unainua darubini. Na wewe tangu lini umejua wanawake kwenye kazi ya kimchi wanabishana namna gani, uliwahi kukaa nao?

Nani amewasikia hao bata, Baba Gi-tae? Na wewe ulikuwa wapi?

Mama Gi-tae


Namji, 20 Januari 2013

Mama Gi-tae,

Umenikamata.

Ilikuwa wiki ya pili ya Desemba, pale njia ya baiskeli inapopinda chini ya tuta. Nilikuwa naangalia mtoni. Wale vijana wa nguo za kubana walikuja nyuma yangu kwa kasi, bila shaka walipiga kengele, bila shaka walipiga kelele pia. Nilijua wapo walipokuwa wameshanifikia. Niliwapisha, gurudumu likaingia kwenye barafu, na mimi na baiskeli tukashuka tuta kila mmoja kwa njia yake. Mguu wa kushoto umevunjika juu ya kifundo. Vijana walikaa nami mpaka gari la wagonjwa likaja, mmoja alinivisha koti lake. Usiwalaani.

Tangu siku hiyo nimefungwa plasta ngumu na nimekaa. Pal-bong ndiye macho yangu. Mara ya kwanza aliporudi nikamuuliza, "Umeona nini?"

"Bata."

"Bata gani?"

"Bata, bwana. Bata ni bata. Wengine wanene, wengine wamekonda kama wewe."

"Wana shingo ndefu?"

"Sikwenda na kipimo, Pan-seok. Nilikwenda kunywa pombe ya mchele, nikageuza shingo mara moja kwa ajili yako. Ukitaka zaidi, inuka uende."

Nikampa darubini, nikamweleza mambo machache. Sasa haambiliki. Anaamka mapema, mkewe anafikiri ana mwanamke. Anarudi ananipigia kelele sikioni, "Wale wenye miwani myekundu leo wamegombana!" Miwani myekundu ni korongo, ule wekundu wa machoni. Bata bukini na ugomvi wao ni maneno yake, mimi niliyaandika tu kama alivyoyasema. Sikukumbuka kwamba mimi sisikii. Ni uzembe wa mwongo asiyezoea.

Niliwakataza kuja ili msione mguu. Gi-tae angeuona tu angesema mzee hawezi kukaa peke yake, na angekuwa na haki. Angekuja na gari la mizigo. Nyumba ingekwenda, na wewe ungebaki kwenye ile ghorofa mpaka mwisho, huna pa kurudi. Niliona bora uninunie kuliko ukose mlango. Hayo ndiyo niliyofikiri. Sikufikiri kwamba ungeona sikutaki.

Kuna jambo jingine. Kila siku Pal-bong ananikalisha hapa ananieleza alichokiona, na mimi naitikia, naweka kichwani picha yangu ambayo najua si yenyewe. Nimegundua kuambiwa kulivyo. Tulipokuwa tunakwenda wawili, ni mimi niliyebaki kwenye matete. Siku zote ni mimi. Wewe ulikuwa unaendelea na njia kwenye upepo ule, ukiongea na hewa, kisha unakaa kwa mama wa tambi unanisubiri. Nafika nimejaa maneno, nakueleza, unasikiliza. Supu yako imeshapoa, hunywi mpaka nimalize.

Wewe hujawahi kuwaona korongo kwa karibu. Hata mara moja. Na mimi sikuwahi kukuuliza kama unataka.

Nimechoka kula peke yangu. Hilo nalo si uongo.

Pan-seok


Seoul, 27 Januari 2013

Baba Gi-tae,

Mguu umevunjika tangu Desemba na mimi huku nakununia. Nikifika nitauvunja wa pili ili ulingane.

Sikiliza nikuambie nilichokuwa nacho moyoni, kwa kuwa na mimi nilificha. Nilikuwa nimepanga nishuke kwa Mwaka Mpya nisipande tena. Sikukuandikia kwa sababu sikuwa na uhakika utafurahi. Barua zako zilikuwa zimejaa ndege tu, ukisoma unaona mzee ana maisha yake, baiskeli yake, mto wake, mke hana hata pa kukaa humo. Mkoba wangu ulikuwa tayari chini ya kitanda cha Da-on. Ulipoandika msije nikautoa nikarudisha nguo kabatini. Wewe ulinifungia mlango ili nisiupoteze. Kwa kweli sisi wawili hatuna akili.

Sasa nitawaambia. Naogopa, Pan-seok. Da-on amekubaliwa shule ya chekechea kuanzia Machi, kwa hiyo mchana atakuwa na pa kukaa, lakini jioni je, na mtoto wa pili je. Mama yake Yeon-hui ana duka lake la nguo, hawezi kuliacha. Gi-tae hatanigombeza, na hilo ndilo baya zaidi. Atanyamaza kama wewe. Na mtoto yule nampenda. Akilala anaweka mguu wake juu ya tumbo langu, na mimi nakaa hivyohivyo mpaka mgongo unakufa, sitaki kuuondoa. Lakini nimekwisha. Nikibaki mwaka mwingine hata huyo mtoto atakuwa na bibi wa jina tu.

Umeandika hukuwahi kuniuliza kama nilitaka kuwaona korongo. Nilitaka. Miaka yote nilitaka. Ila mtu mmoja lazima aendelee na njia, na wewe hukuwa na mdomo.

Mama Gi-tae


Namji, 4 Februari 2013

Mama Gi-tae,

Plasta imetolewa. Mguu umekonda kama ufagio lakini unanibeba, kwa fimbo. Daktari amekataza baiskeli ya kawaida mpaka majira ya joto.

Hajakataza ya magurudumu matatu. Pal-bong anayo ile ya kubebea kabichi, nimeijaribu uani. Inakwenda. Watoto wa shule wamenicheka, na mimi ningecheka.

Korongo wataondoka kuelekea kaskazini mwishoni mwa mwezi au mwanzo wa Machi, upepo ukigeuka. Waliokaa kusini zaidi wameshaanza kufika na kupumzika hapa, fungu la mchanga limejaa. Njoo kabla.

Safari hii utabaki wewe. Mimi ndiye nitaendelea na njia mpaka kwa mama wa tambi, na nitaongea. Umesema sina mdomo. Nimeanza mazoezi. Asubuhi nakaa uani nasema chochote kwa sauti, mbwa wa Pal-bong ananitazama. Ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Nikisema sentensi tatu nimeishiwa. Wewe ulikuwa unatoa wapi maneno ya kilomita nzima?

Ukiona huwezi kumwambia Gi-tae, usimwambie. Sitanuna. Lakini mlango upo, na chini yake mbwa wa watu.

Pan-seok


Namji, 28 Februari 2013

Gi-tae mwanangu,

Nilifika salama, na basi halikuchelewa. Mwambie Yeon-hui vyakula alivyonifungia tulikula siku mbili, na baba yako alilamba kifuniko.

Najua ile asubuhi ya Mwaka Mpya haikuwa asubuhi ya kumwambia mtu jambo kama lile. Mlikuwa mmeshasujudu mbele yangu kama desturi, Da-on amevaa nguo zake mpya, na mimi badala ya kutoa baraka nikatoa habari. Lakini ningengoja mpaka sahani ziondolewe ningekosa ujasiri. Ulitoka ukaenda kusimama kwenye roshani, na mimi nikaona mgongo wako tu, ni mgongo wa baba yako kabisa. Mkeo ndiye aliyenishika mkono akasema, "Mama, nenda. Sisi tutahangaika kama wenzetu wanavyohangaika." Sitalisahau hilo. Na wewe ulipobeba mkoba wangu mpaka kituoni bila kusema neno, nilijua umeshasema. Mtoto akizaliwa nitakuja mwezi mmoja. Mmoja, na nitarudi.

Da-on alikuwa anauliza ndege wa babu wakoje, mwambie bibi amewaona.

Tulikwenda jana mchana, jua lilikuwa zuri. Mimi kwa baiskeli yangu ya siku zote, baba yako kwa kile kigari cha kabichi cha Pal-bong, amekaa wima kama diwani. Tulipofika kwenye matete nikashuka. Korongo wote wakainua shingo. Ni wakubwa, Gi-tae, hakuna aliyewahi kuniambia ni wakubwa hivyo, hata baba yako. Nikakaa chini ndani ya matete na blanketi langu, na yeye akaendelea na njia, anapiga kengele, anaongea.

Baba yako haisikii sauti yake mwenyewe, kwa hiyo hajui anapaza sauti kiasi gani. Mto mzima ulimsikia. Alianza na hali ya hewa. Kisha akataja majina ya meli alizotengeneza, moja baada ya nyingine. Zikamwishia kabla hajafika hata kwenye mti wa kwanza. Akanyamaza kidogo, korongo mmoja akaanza kusogea, nikajua tumeharibu. Ndipo akaanza upya, kwa nguvu, na maneno yalikuwa haya:

"Mke wangu amerudi. Amechoka. Amechoka sana, ameacha kazi za watu, amekuja kwao. Mwacheni apumzike. Mtu asimsumbue."

Aliyarudia hayohayo mpaka akapotea nyuma ya tuta, na hata pale nilikuwa bado namsikia kwa mbali, amechoka, mwacheni. Mwendesha baiskeli mmoja alisimama akamtazama. Korongo walishusha shingo mmoja mmoja, wakarudi kwenye kula.

Niliuona ule wekundu wa machoni mwao. Nilimwona mtoto mmoja akimfuata mama yake nyumanyuma na kudokoa alipodokoa yeye. Palikuwa na jua mgongoni, matete yalikuwa yanazuia upepo, na hakuna aliyekuwa ananiita. Nikasema nifumbe macho kidogo tu.

Nililala, Gi-tae. Nililala kama jiwe. Nilipoamka jua lilikuwa limehama na fungu la mchanga lilikuwa tupu, alama za miguu yao zimejaa mpaka karibu na miguu yangu. Walikuwa wamekuja mpaka pale. Kisha wakaondoka, na sikusikia chochote.

Kwa mama wa tambi baba yako alikuwa amekaa na bakuli mbili, yake na yangu, zote zimepoa, hajagusa hata moja. Sauti ilikuwa imemkauka. Akaniuliza kwa midomo tu, "Umewaona?"

Nikamwambia nimewaona, kwa karibu sana. Akaitikia kwa kichwa, akafuta macho kwa kitambaa cha meza, akaanza kula. Sikumwambia kwamba nililala, na ninyi msimwambie. Kesho anataka twende tena, wasipokuwa wameshaondoka. Nimemwambia tutakwenda hata kama wameondoka.

Mama yako